Ondoka ukingoni: baiskeli kutoka Igoma hadi mjini Mwanza

Ukisimama kando ya Barabara ya Nyerere pale Buzuruga saa moja asubuhi, utaona waendesha baiskeli wengi wamejibana sehemu moja: ule ukanda mwembamba kati ya njia ya magari na mtaro. Kila mmoja anaamini hapo ndipo penye usalama, kwa kuwa ndipo palipo mbali na magari. Imani hiyo inaumiza watu. Kutoka Igoma hadi mjini ni kama kilomita kumi, na mtu anaweza kuziendesha kila siku ya kazi bila mchubuko, mradi ajue akae wapi barabarani na baiskeli yake iwe na breki zinazoshika. Mengine yote yanafuata baada ya hayo mawili.

Tuanze na ukingo wenyewe. Mvua ikinyesha, mchanga na changarawe vinateremka kutoka milimani na kuishia pembeni mwa lami. Huko huko ndiko magari yanakosukumia vipande vya chupa na misumari. Mahali pengi lami imemomonyoka ikaacha ngazi ya sentimita tano hadi kumi kati yake na udongo. Gurudumu la mbele likishuka ngazi hiyo, mtu hukimbilia kulirudisha juu kwa kukata usukani kidogo kidogo. Ubavu wa tairi unasugua ukingo, gurudumu linakataa kupanda, na baiskeli inakuangusha upande wa kulia, yaani upande wa magari. Ukishashuka, baki huko huko chini. Acha kukanyaga, punguza mwendo taratibu, simama, kisha panda kwa miguu. Kama ni lazima upande ukiwa juu ya baiskeli, tafuta mahali lami na udongo vimelingana, na elekeza gurudumu kwa pembe kubwa ili lipande uso kwa uso badala ya kusugua kwa ubavu.

Sababu ya pili ni jinsi dereva anavyokuona. Ukiwa sentimita ishirini kutoka ukingoni, dereva wa Hiace anaona njia iko wazi na hana haja ya kugusa usukani. Anapita akikuachia nafasi ya kiganja cha mkono. Ukikaa mita moja ndani ya lami, inambidi aamue: asubiri au ahame. Akihama, anahama kweli. Na ile mita moja uliyoiacha kushoto inakuwa akiba yako. Lori likikusogelea sana, una mahali pa kukimbilia. Aliyejibana ukingoni hana akiba, kilichobaki kwake ni mtaro.

Sheria inatutaka sote tukae kushoto, na mita moja kutoka ukingoni bado ni kushoto. Penye bega la barabara lenye lami pana na safi, litumie bila kusita. Kosa hutokea pale bega linapokwisha au linapozibwa na gari lililoegeshwa, meza ya muuza matunda au rundo la kokoto. Watu wengi hukwepa wakiwa wameshafika, kwa ghafla, bila kutazama nyuma. Tazama mbali, mita thelathini mbele. Ukiona kizuizi, geuza shingo uangalie nyuma begani kulia, nyoosha mkono wa kulia, subiri nafasi, ingia mapema, na ukae hapo hapo hadi umalize vizuizi vyote. Usiingie na kutoka kati ya gari moja lililoegeshwa na jingine, maana kila unapotoka unakuwa mgeni mpya kwa dereva aliye nyuma yako.

Kugeuza shingo kunahitaji mazoezi. Anayeanza akitazama nyuma kulia, mkono wake unavuta usukani kulia pamoja na shingo, na baiskeli inaingia katikati ya barabara. Fanya mazoezi kwenye uwanja wa shule siku ya Jumapili, ukifuata mstari uliochorwa chini, hadi uweze kusoma namba ya gari lililo nyuma huku gurudumu la mbele halijatoka kwenye mstari.

Daladala linastahili maelezo marefu, kwa sababu ndilo utakalokutana nalo mara nyingi kuliko gari lingine lolote. Mlango wake uko kushoto. Kwa hiyo likisimama kituoni, usilipite kwa kushoto hata kama kuna nafasi ya kutosha: abiria anashuka akiangalia chini alikoweka mguu, na konda anaruka kabla gari halijasimama vizuri. Una njia mbili. Ya kwanza ni kusubiri nyuma, mita tatu hivi, mahali dereva anapokuona kwenye kioo chake cha pembeni. Kanuni ni nyepesi: usipoiona sura ya dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. Njia ya pili ni kulipita kwa kulia, baada ya kutazama nyuma, ukiacha mita moja na nusu kati yako na bodi. Kabla ya kuamua, soma gari. Konda bado anaita abiria? Una muda. Konda amegonga bodi mara mbili na kudandia mlangoni? Linaondoka sasa hivi, acha. Magurudumu ya mbele yamekwisha kukunjwa kulia? Acha, hata kama indiketa haijawaka. Gurudumu linasema kweli kuliko indiketa, na ndivyo ilivyo kwa bajaji pia, inayoweza kugeuka mahali pamoja kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Hatari nyingine ya daladala ni pale linapokupita kwa kasi kisha linakata kushoto mbele yako kwa sababu kuna abiria amenyoosha mkono. Dawa yake ni kuwatazama abiria. Ukimwona mtu kando ya barabara mbele yako anapunga mkono kuelekea nyuma yako, jua kuna gari linakuja kusimama hapo. Weka vidole kwenye breki na uache kukanyaga.

Lori lipe heshima ya peke yake. Usijipenyeze kati ya lori na ukingo kwenye makutano au kwenye foleni, hata likiwa limesimama kabisa. Dereva aliyekaa juu hauoni upande wa chini kushoto. Lori likikata kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata kona ndani zaidi na kukukuta ulipo. Kaa nyuma yake uvumilie moshi.

Kukata kulia kwenye barabara yenye magari mengi hakuna haja ya ujasiri. Endelea moja kwa moja upande wako wa kushoto hadi uvuke makutano, simama pembeni, geuza baiskeli, vuka pamoja na waenda kwa miguu. Inachukua dakika moja zaidi. Kwenye kipilefti, kama ule mzunguko wa mjini wenye sanamu ya samaki, ama shika katikati ya njia yako uzunguke kama gari, ama shuka ukokote baiskeli kupitia kwenye zebra. Kibaya ni njia ya tatu, ya kuzunguka kwa kujibana ukingo wa nje, kwa sababu kila gari linalotoka kwenye mzunguko linakata mbele yako.

Kuna jambo la jua ambalo watu wa Nyakato na Igoma wanapaswa kulijua. Barabara ya Nyerere inatoka mjini kuelekea mashariki. Asubuhi unakwenda mjini ukiwa umelipa jua mgongo, na jioni unarudi nyumbani ukiwa umelipa mgongo tena. Wewe unaona vizuri sana, na hapo ndipo penye mtego, kwa sababu gari linalokuja mbele yako limeelekea jua. Dereva anayetaka kukatiza kulia kuingia mtaani anatazama upande wako na haoni kitu ila mwanga. Ukiona kivuli chako kirefu kimelala mbele yako barabarani, hesabu kwamba yeyote anayekuja usoni mwako hakuoni, na ukifika kwenye kila njia panda punguza mwendo hadi uone ameshasimama.

Sasa breki. Jiji hili limejengwa juu ya mawe. Isamilo, Bugando, Bwiru, Igogo, Mabatini: anayekaa juu huanza safari yake ya asubuhi kwa kuteremka, kabla mwili haujapata joto na kabla hajajua kama baiskeli imelala salama. Kwa hiyo breki zinapimwa nyumbani, kabla ya mlima. Sukuma baiskeli mbele kwa mkono, bana breki ya mbele peke yake: gurudumu la nyuma linatakiwa kunyanyuka. Bana ya nyuma peke yake: tairi liburuzike bila kuzunguka. Lever, yaani mkono wa kubania breki, ikigusa usukani kabla breki haijashika, hiyo si breki. Ikaze kwanza.

Mpira wa breki ukae milimita mbili au tatu kutoka kwenye rimu, na uiguse rimu yenyewe. Ukipanda juu ukagusa tairi, utalitoboa ubavuni ndani ya siku chache. Ukishuka chini, utaponyoka na kuingia kwenye spoku. Michirizi iliyochongwa kwenye mpira ikiisha, badilisha. Mpira uliokauka ukang'aa kama kioo hushika vibaya hata ukiwa mnene. Usugue kwa msasa hadi uwe mweusi usiong'aa, kisha futa rimu kwa kitambaa kisicho na mafuta. Kwenye breki za waya, angalia sehemu waya unapoingia kwenye lever. Nyuzi zikianza kukatika hapo hata mbili, nunua waya mpya siku hiyo hiyo, kwa sababu zitamalizikia kukatika siku utakayobana kwa nguvu zote, na siku hiyo ndiyo siku unapozihitaji. Kwenye breki za vyuma, zinazovutwa kwa fimbo badala ya waya, zile za baiskeli za Phoenix na ndugu zake, kaza nati za viungo na utie tone la mafuta kwenye kila kiungo, ukiwa mwangalifu lisidondokee rimu.

Wenye baiskeli za mtumba wana jambo la ziada. Zilizotoka Japani kwa kawaida zina breki ya mbele mkono wa kulia, na nyingi zilizotoka bara la Ulaya zina breki ya mbele mkono wa kushoto. Ukibadilisha baiskeli, jua ipi ni ipi kabla ya kuona mteremko. Na ile breki ya kukanyaga kinyumenyume inategemea cheni: cheni ikichomoka, breki nayo imekwenda. Baiskeli ya namna hiyo ifungwe breki ya mbele pia.

Wengi hapa huondoa breki ya mbele wakiogopa kupinduka. Tufanye hesabu. Kwenye lami kavu na tambarare, mwendo wa kilomita 20 kwa saa, breki zote mbili zikiwa nzima, unahitaji kama mita 10 kusimama, ukihesabu na ile sekunde moja ya kushtuka. Kwa kilomita 40 kwa saa, mwendo unaofikika kwa urahisi kwenye mteremko bila kukanyaga hata mara moja, unahitaji zaidi ya mita 25. Ukiwa na breki ya nyuma peke yake, inaweza kufika mita 40. Ongeza mteremko wenyewe, na ongeza gunia la mkaa kwenye keria. Unapobana, uzito wa mwili unahamia mbele na gurudumu la nyuma linabaki jepesi, kwa hiyo linaburuzika tu. Kazi kubwa ya kusimamisha inafanywa na gurudumu la mbele. Kupinduka kunaletwa na kubana ghafla huku mikono imelegea. Sogeza makalio nyuma ya tandiko, nyoosha mikono ikaze, bana ya nyuma kwanza, kisha ya mbele ukiongeza nguvu hatua kwa hatua.

Kuhusu kusimamisha kwa ndala, yaani kukandamiza tairi kwa unyayo: kwa mwendo wa polepole inafanya kazi, na ndiyo maana watu wanaiamini. Kwa kasi, soli inapata moto na kulainika, au mguu unavutwa kati ya tairi na foko. Gurudumu linakwama papo hapo na mtu anarushwa mbele kwa kichwa. Kijana anayesomea ufundi na mama anayeuza vitumbua wote wanaweza kumudu mipira miwili ya breki. Hapa sitaki kulegeza neno.

Kwenye mteremko, punguza mwendo ukiwa bado juu. Bana kwa vipindi, bana na achia, badala ya kushikilia mfululizo hadi chini, kwa sababu rimu inapata moto na mpira unalainika. Barabara za mawe zinazopanda mitaa ya milimani zina uso uliosuguliwa na miguu na matairi, zikilowa, huteleza. Huko fanya breki baiskeli ikiwa imesimama wima na imenyooka, maliza kubana kabla ya kona, kona yenyewe ipite bila breki. Ukishindwa kuteremka kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole, shuka ukokote.

Rimu ya chuma iliyolowa ni habari nyingine kabisa. Maji yanakaa kati ya mpira na chuma kinachong'aa, na mizunguko kadhaa ya kwanza ya gurudumu unabana bila kupata kitu. Rimu ya alumini inavumilia zaidi. Ikinyesha, gusa breki kidogo kila baada ya muda ili kufuta maji, hasa ukikaribia kituo au mteremko, na uongeze umbali kutoka kwa aliye mbele hadi mara mbili au tatu. Mvua za ziwani hupenda kuja usiku na alfajiri, zikiwa na radi. Radi ikiwa karibu, ingia chini ya paa la duka au jengo, si chini ya mwembe, na subiri. Usipite kwenye maji yanayotiririka juu ya barabara hata kama unaijua barabara hiyo kwa miaka, kwani maji huhamisha vifuniko vya mitaro na kuchimba mashimo mapya. Penye maji yaliyotuama, pita mahali ulipoona gari likipita bila kuzama.

Mvua ikishakatika, kuna utelezi wa aina tatu: rangi nyeupe ya mistari na zebra, mchanga mpya kwenye kona, na reli. Reli ya kati, iliyofika Mwanza mwaka 1928, inaingia jijini kutoka kusini, na inapokatana na barabara uvuke kwa pembe mraba, gurudumu likiwa limenyooka, bila breki na bila kukanyaga. Ukivuka kwa mshazari, gurudumu linaingia kwenye mfereji ulio kando ya chuma na linabaki humo. Wa Kirumba wanaongeza la nne: maji ya samaki karibu na soko la samaki la Mwaloni, yenye utelezi kama sabuni.

Mengine ya baiskeli yenyewe nitayapitia haraka. Upepo: soma kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi; matairi mengi ya inchi 26 hutaka kati ya PSI 40 na 65. Kidole gumba kikibonyeza kwa nguvu kiingie kidogo tu. Upepo ukipungua, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yanayoelekeana. Fundi akikuonyesha matundu ya namna hiyo, usilaumu kiraka, nunua pampu. Shika gurudumu la mbele ulitikise kushoto na kulia: likicheza, gololi zinataka kukazwa na kutiwa grisi. Kanyagio likilia "tak" kila mzunguko, kotapini, ile pini inayoshikilia mkono wa kanyagio kwenye ekseli, imelegea. Igongwe, nati ikazwe mapema, la sivyo itakula ekseli. Kila spoku ibonyeze kwa vidole. Iliyolegea peke yake ndiyo inayopindisha rimu, na rimu iliyopinda haiwezi kushikwa na breki.

Giza la Mwanza linakuja haraka. Jua huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10 jioni kutegemea mwezi, na dakika kama ishirini baadaye wewe huonekani tena. Mbele weka taa nyeupe, nyuma taa nyekundu inayotazama sawasawa nyuma, si angani. Dainamo inayosugua tairi ni nzuri ila inazimika ukisimama, kwa hiyo usiitegemee peke yake kwenye makutano. Karatasi ya kuakisi mwanga ibandike kwenye mikono ya kanyagio na kwenye visigino vya viatu, kwa sababu kitu kinachopanda na kushuka dereva anakitambua mara moja kuwa ni baiskeli. Vazi la kuakisi kama la bodaboda linasaidia, mradi begi la mgongoni lisilifunike. Vaa miwani isiyo na rangi jioni, kwa ajili ya wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama moshi. Mmoja akiingia jichoni ukiwa kwenye mteremko, macho yote mawili yanafumba.

Kofia ngumu ikae vidole viwili juu ya nyusi, kamba zikutane chini ya sikio, na kidole kimoja tu kipite kidevuni. Ya mtumba ikague ndani: povu likiwa na ufa, usiinunue.

Mzigo uufunge chini na katikati ya keria, na ncha za mpira wa tyubu uzifungie ndani. Ncha inayoning'inia hukamatwa na spoku, na gurudumu la nyuma linasimama kama limegonga ukuta. Khanga, kitenge na sketi ndefu navyo hivyo hivyo. Abiria wa nyuma akunje nguo na kuikalia, na mtoto awe na mahali pa kuweka miguu mbali na spoku.

Ukifika mjini, pitisha mnyororo kwenye fremu pamoja na gurudumu la nyuma, kisha kwenye nguzo isiyong'oka. Jioni, kabla ya kupanda, bana breki zote mbili tena. Baiskeli zikiegeshwa kwa kuegemeana, moja ikianguka hupinda fimbo ya breki ya jirani au kusogeza mpira wake nje ya rimu, na mwenyewe hatajua hadi afike kwenye mteremko wa kwanza.